Fundi Asitwikwe Kosa la Chombo

Wagogo husimulia kwamba jina la Dodoma limetokana na neno la lugha yao lenye maana ya kuzama: tembo alishuka kunywa maji, tope likammeza, na mahali pale pakaitwa kwa msiba wake. Msimulizi huyataja maji na hulitaja tope, wala hamtii tembo makosani kwa kuwa mzito. Katika jiji hilohilo hivi leo wako wanaozama kila siku, na wao, kinyume cha tembo yule, ndio wanaobebeshwa lawama. Nao ni vijana wanaojifunza kazi ya kuunda programu za kompyuta.

Huenda mpenzi wa ushairi aliyeko pwani akauliza jambo hili limemhusu nini. Limemhusu sana, kwani kabla ya kuwa jambo la mashine ni jambo la lugha, na ni jambo la adabu anayostahiki mwanafunzi kutoka kwa anayemsahihisha.

Chuo Kikuu cha Dodoma kilianzishwa mwaka 2007 katika vilima vya Chimwaga, nacho kina ndaki nzima ya mambo ya kompyuta. Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia Dodoma kwa dhati, na sheria ya kuyathibitisha makao makuu hayo ikapitishwa mwaka 2018, ofisi nazo zikafuata, ikiwamo Mamlaka ya Serikali Mtandao. Kwa hiyo mifumo ambayo mwananchi wa Tanga au wa Kilwa huitumia kulipa kodi, kuomba kibali au kutafuta cheti, sehemu yake kubwa husimamiwa na vijana waliokaa katika uwanda ule mkavu wa kati. Ubora wa kazi yao ni ubora wa maisha ya wengine. Basi ni haki kuuliza zana wanazopewa zinawatendea vipi.

Na achukuliwe mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Amesoma miaka 7 ya shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha akahamishiwa Kiingereza sekondari. Anaandika programu yake ya mwanzo kwa lugha ya C, na mwishoni mwa mstari wa 10 anasahau nukta mkato. Mara nyingine kompaila, yaani ile programu inayogeuza maandishi ya mwandishi yawe amri za mashine, humnyooshea kidole kwenye mstari wa 11, ambao hauna kosa lolote. Akiandika kwa Java na akasahau kufunga bano moja, huambiwa kwamba faili limekwisha ilhali uchanganuzi haujakwisha, na kidole huelekezwa mstari wa mwisho kabisa, hata kama bano lililosahauliwa liko kurasa tano juu yake. Akiandika kwa JavaScript, huenda akaambiwa maneno ambayo yakifasiriwa yanasema kwamba kisichofafanuliwa si funksheni. Kauli ambayo hata ikisomwa mara 100 haimwambii msomaji afanye nini. Mwanafunzi huyo hutafuta kosa palipo salama, hufuta palipo sahihi, na huongeza kosa la pili juu ya lile la kwanza. Saa hupita. Mwisho wake huifunga kompyuta akiamini kwamba Mungu hakumjaalia akili ya kazi hii.

Na alinganishwe na kijana anayejifunza kutunga. Anampelekea mwalimu wake ubeti wa mishororo minne, kila mshororo mizani 16, nane za ukwapi na nane za utao. Pameharibika mahali. Mwalimu haguni tu akamrudishia karatasi. Humwambia: mshororo wa pili, ukwapi wake una mizani saba, ulipoandika neno hili umedhani lina silabi nne, nalo lina tatu, ongeza au badilisha. Kijana huenda akarekebisha, na siku ya pili hakosei tena pale. Sanaa hizi mbili ni ndugu kuliko watu wanavyodhani. Zote huandikwa kwa mistari, zote zina hesabu isiyosamehe, na katika zote herufi moja huweza kuiangusha kazi nzima. Tofauti iko katika kinywa cha msahihishaji. Ugumu wa ushairi umo ndani ya ushairi wenyewe. Ugumu wa kuunda programu, kwa kiasi kikubwa, umo katika zana ambazo hazikufundishwa kusema.

Wapo wanaojibu kwamba shida yote hiyo ni ya Kiingereza cha mwanafunzi. Ajifunze Kiingereza, wanasema, na mlango utafunguka. Hoja hii ina sehemu yake ya ukweli. Mwaka 2018 mtafiti Philip Guo wa Marekani alichapisha uchunguzi wake juu ya watu 840 kutoka nchi 86, wenye lugha za kwanza 74, waliokuwa wakijifunza kuandika programu bila ya kuwa wazawa wa Kiingereza. Walieleza kwamba huelemewa na kusoma miongozo, kuuliza maswali, kusoma programu za wengine, na zaidi ya yote kujifunza mambo mawili kwa wakati mmoja: lugha ya watu na lugha ya mashine. Mwanafunzi wa Dodoma angeweza kuitia saini kila sentensi ya maelezo hayo.

Walakini hoja hiyo haifiki mbali. Maneno ya amri katika lugha za kompyuta ni machache mno: Python ina maneno 35, na C ya kiwango rasmi cha kwanza ilikuwa na 32. Kijana aliyehifadhi juzuu za Kurani au beti za kasida hashindwi na maneno 35. Wapiga fidla na wapiga ganuni wa taarabu wameyapokea majina ya rasti, bayati na hijazi kutoka ng'ambo, na hakuna aliyesema kwamba yamewazuia kupiga. Neno geni likiwa moja na maana yake ikiwa moja, halimshindi mtu. Kinachomshinda ni maelezo yasiyoeleza. Tena maelezo hayo huwashinda hata wazawa wa Kiingereza wenyewe, kwa ushahidi wa watafiti wa huko kwao, ambao kwa miongo kadhaa wameandika kulalamikia jumbe za makosa zinazowapoteza wanafunzi wao. Lugha ile si Kiingereza. Ni mawazo ya mashine yaliyovishwa kanzu ya Kiingereza.

Kwamba inawezekana kufanya vinginevyo, si jambo la kubahatisha. Mwaka 2015 Evan Czaplicki, muundaji wa lugha iitwayo Elm, aliamua kuziandika upya jumbe za makosa za lugha yake ziwe kama maneno ya mtu anayezungumza na mtu: hapa ndipo palipo na kosa, hili ndilo nililotarajia kuliona, hili ndilo nililoliona, na huenda ulikusudia hivi. Waundaji wa lugha ya Rust waliifuata njia hiyo. Mashine haikulalamika. Kumbe kile kilichodaiwa kuwa ni tabia ya kompyuta kilikuwa ni uvivu wa aliyeiandikia, na uvivu huo ulihesabiwa kuwa ni ujinga wa mwanafunzi.

Wengine hutoa methali: mtaka cha mvunguni sharti ainame. Shida, kwa maoni yao, ndiyo inayomkomaza fundi. Aliyezoeshwa urahisi hafiki kokote. Methali ni njema, lakini na aulizwe anayeisema: ni nani aliyekisukuma mvunguni? Kitu kilichokuwa kikae mezani, kikatupwa chini ya kitanda kwa uzembe, kikimfanya mtu ainame humuumiza mgongo tu. Seremala wa majahazi hukomazwa na mbao na bahari. Hakomazwi na msumeno butu. Aliyepita katika shida isiyo na maana, kisha akaidai wengine nao waipite, anatafuta wenziwe wa kulipiza, wala halindi ufundi wowote.

Lakini liko kosa zito zaidi ya hilo la jumbe, nalo linamgusa moja kwa moja kila anayeipenda lugha hii. Zana za waunda programu zimejengwa kwa kudhani kwamba sentensi za lugha zote hujengwa kama za Kiingereza. Muunda programu wa Dodoma anayetaka mfumo wake umwambie mwananchi kwamba kitu fulani hakikupatikana, huikuta zana inampa kiolezo cha sentensi chenye pengo moja la jina: jaza neno, sentensi imekamilika. Kwa Kiingereza inakamilika. Kwa Kiswahili, jina halipo, kitambulisho hakipo, picha haipo, maombi hayapo, mwombaji hayupo. Kitenzi hukitazama kitu kabla ya kusema. Zana mashuhuri za kutafsiri programu zimejua kwa muda mrefu kwamba lugha hutofautiana katika umoja na wingi, zikaweka kanuni kwa ajili yake. Ngeli hazikuwekewa mlango wake. Matokeo yake mwananchi huandikiwa kwamba picha hakipo, akacheka, akasema serikali haijui Kiswahili. Serikali inakijua. Chombo ndicho kisichokijua, na aibu imemwangukia fundi.

Saa nayo iko hivyohivyo. Maktaba za programu zinazajua Januari na Jumatatu, lakini hazijui kwamba kwa msemaji wa Kiswahili saa za mchana huhesabiwa tangu jua likichomoza, na kwamba basi linaloondoka Dodoma saa 1 asubuhi ni lile ambalo kompyuta huliandika 07:00. Kila fundi hulazimika kujitungia hesabu yake ya kuondoa saa sita, na kila fundi hukosea kwa namna yake, na abiria ndiye anayeachwa kituoni. Hata fundi anapoamua kuyaita mafungu ya programu yake kwa majina ya Kiswahili ili wenziwe waelewe, Android Studio na wenzake humpigia mstari wa mawimbi chini ya neno malipo, kwa hesabu kwamba amekosea tahajia. Lugha yenye wasemaji wa mamilioni, ambayo mwezi Novemba 2021 UNESCO iliitengea siku yake ya Julai 7, ndani ya karakana huhesabiwa kuwa ni kosa la uandishi.

Haikosekani hapa kauli ya watetezi wa Kiswahili kwamba dawa ni kutafsiri. Dawa hiyo imewahi kujaribiwa, na kwa nia njema. Mwaka 2004 mradi uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisini kwa Kiswahili. Haukupita muda Microsoft nayo ikatoa sura ya Kiswahili ya Windows. Kazi hizo zinastahiki heshima. Lakini zote zililenga anayetumia, hazikumlenga anayeunda. Kiswahili kilikaribishwa sebuleni, kikapewa kiti, na mlango wa karakana ukabaki umefungwa. Isitoshe, kutafsiri peke yake hakutoshi. Ujumbe mbovu ukitafsiriwa neno kwa neno unabaki mbovu. Mwanafunzi akiambiwa kwa Kiswahili fasaha kwamba pana ishara isiyotarajiwa, atakuwa amepotea kwa lugha ya mama yake; huo ndio upotevu mchungu zaidi, kwani hatakuwa tena hata na udhuru wa Kiingereza. Wanaotosheka kubuni istilahi na kuzipanga katika vitabu, bila ya kukaa siku moja kando ya anayezitumia, nao wamo katika lawama hii.

Historia inafundisha kwamba Kiingereza hakikushuka kutoka mbinguni pamoja na kompyuta. Katika miaka ya 1950 Grace Hopper wa Marekani, mmoja wa waasisi wa kompaila, aliwaonesha wakubwa wake kwamba programu ileile inaweza kuandikwa kwa maneno ya Kiingereza, ya Kifaransa au ya Kijerumani, kwani kwa mashine yote ni alama tu. Wakubwa walitaharuki: vipi kompyuta ya Kimarekani ielewe Kifaransa? Uamuzi ulikuwa wa watu, wala haukuwa wa mashine. Miaka 60 baadaye, mwaka 2012, Ramsey Nasser alitunga huko New York lugha ya kompyuta yenye amri zote kwa Kiarabu, akaiita Qalb, neno lilelile ambalo washairi wa pwani hulitamka kalbu. Alizipamba programu zake kwa khati ya Kikufi kama zipambwavyo kuta za misikiti. Kazi ile ilikuwa ya sanaa kuliko ya soko, na somo lake kubwa lilikuwa hili: zana za kawaida za kuandikia programu zilivurugika zilipopewa Kiarabu. Zana zinazodai kuwa hazina upande zilionesha upande wao.

Wako pia wanaosema kwamba mjadala huu umepitwa na wakati, maana siku hizi mwanafunzi huinakili ile kauli isiyoeleweka, akaiuliza akili mnemba, nayo ikamfafanulia kwa Kiswahili. Ni kweli, na waliofaidika wasinyimwe. Lakini huyo ni mkalimani, na haja ya mkalimani ni ushahidi kwamba wawili hawaelewani. Mkalimani huyu hudai intaneti kila anapofungua kinywa, na mwanafunzi hulipia bando. Zaidi ya hayo, mkalimani naye hukosea kwa sauti ya kujiamini, na mwanafunzi ambaye hakuweza kuisoma kauli ya asili hana kipimo cha kumpimia. Kuweka mkalimani hodari juu ya chombo kibovu hakukitengenezi chombo.

Dodoma yenyewe inao mfano unaowasuta wakata tamaa. Kwa miaka mingi katika Bunge la Tanzania wabunge walijadili kwa Kiswahili miswada ambayo aghalabu iliandikwa kwa Kiingereza. Mtu alitetea au alipinga kwa lugha moja maneno yaliyolala karatasini kwa lugha nyingine, na mwananchi aliposhitakiwa alisomewa sheria isiyokuwa ya kinywa chake. Iliambiwa kwamba haiwezekani kubadilika, kwamba istilahi hazitoshi, kwamba dunia ya sheria ni ya Kiingereza. Mwanzoni mwa mwaka 2021 Bunge hilohilo likapitisha sheria ya kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Kazi ya kuitimiza ni ndefu, lakini hakuna tena anayedai kwamba aliyeshindwa kuielewa hati ya mashitaka ndiye mwenye kosa la kutoielewa. Kilichokubaliwa kwa mshitakiwa kinakataliwa kwa nini kwa mwanafunzi?

Na uko mfano wa zamani zaidi katika uwanda uleule. Mpigaji mashuhuri wa Kigogo Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, aliijulisha dunia ilimba na zeze. Ilimba ni kifaa cha vibati vya chuma juu ya kisanduku cha mbao, na fundi wa Kigogo huvisogeza na kuvichonga vibati hivyo mpaka sauti zake zilingane na ngazi ya sauti ambayo Wagogo huimbia. Chombo hufuata koo la mwimbaji. Hakuna katika ugogoni yote fundi anayemkabidhi mtoto ilimba iliyolegea, kisha akamwambia abadilishe koo lake. Hekima hiyo ya kijijini ndiyo iliyokosekana katika zana zinazosifiwa kuwa ni kilele cha akili ya binadamu.

Yanayotakiwa hayazidi uwezo. Sehemu kubwa ya zana hizi ni huria: yeyote anaweza kuzifungua, kuzisoma na kuzirekebisha. Vyuo vinavyofundisha kazi hii, Dodoma na kwingineko, na vihesabu kuwa ni kazi halali ya mwaka wa mwisho kukusanya makosa yanayowakuta wanafunzi wa mwaka wa kwanza, na kwa kila kosa kuandika maelezo ya Kiswahili yanayosema mambo matatu: limetokea wapi, limetokea kwa nini, na litengenezwe vipi. Jakob Nielsen, mtaalamu wa Denmark, aliandika tangu miaka ya 1990 kwamba hivyo ndivyo ujumbe wa kosa unavyopasa kuwa, na akafundisha kwamba watu 5 tu wakitazamwa wakitumia chombo hufichua sehemu kubwa ya kasoro zake. Watu watano wanaenea benchi moja. Maelezo hayo na yawekwe ndani ya zana yenyewe, yasomeke bila ya intaneti, katika kompyuta ya kawaida ya mwanafunzi, ambayo mara nyingi haifikii hata GB 8 za kumbukumbu ambazo Android Studio huzidai kwa uchache. Na sarufi ya ngeli na hesabu ya saa ziandikwe mara moja, kwa usahihi, ziwe mali ya wote, ili kila fundi asiwe anaanza upya.

Na washairi waitwe. BAKITA na BAKIZA wana wajibu wao wa istilahi, lakini istilahi si sentensi. Sentensi fupi, nyoofu, isiyo na neno la ziada, inayomfikia aliyechoka usiku wa manane na kumwambia pale alipoteleza bila ya kumdhalilisha, hiyo ni kazi ya mtu anayejua uzito wa silabi. Malenga wamewafundisha vijana wengi kwa karne nyingi mahali mizani ilipopungua. Hawana sababu ya kulitazama jambo hili kutoka mbali kana kwamba ni la mafundi wa bara peke yao.

Mpaka hapo litakapofanyika, angalau lawama irudishwe kwa mwenyewe. Kijana anayeifunga kompyuta yake usiku huko Chimwaga, akijiona mpumbavu kwa sababu ya nukta mkato iliyooneshwa mahali sipo, hakushindwa na sanaa. Amenyimwa maelezo. Ni haki yake aambiwe, kwa maneno anayoyaelewa, mguu wake umekanyaga wapi.